Tumbo la Baba na Cherehani ya Marehemu Mama

Mama Watoto,

Sufuria ndogo jikoni ina majani ya mpera na tangawizi. Ni dawa yangu, msiimwage kama ile ya jana mkidhani ni maji ya vyombo.

Asubuhi nimerudi kwa yule mama wa mitishamba, peke yangu, maana ukiwepo unanijibia. Nilitaka dawa ya tumbo tu. Akaanza kuuliza ninalala saa ngapi, ninakula nini, nimegombana na nani. Nikamwambia, "Mama, nimeleta tumbo, sikuleta ukoo." Akasema, "Tumbo halitembei lenyewe. Mti ukinyauka majani, mimi naangalia mizizi."

Basi nikajikuta nimemweleza yote: kwamba tangu tumzike mama yetu, mimi na kaka hatusemezani kwa ajili ya cherehani yake niliyoichukua. Akaniagiza kikombe asubuhi na jioni, chakula kidogo usiku, kutembea kila siku, na kwenda kwa kaka. Nikauliza kama hilo la mwisho halina majani ya badala. Akasema hayajaota.

Cherehani nimeifunga kwenye baiskeli, nampelekea. Gauni ulilokuwa unashona liko kitini. Samahani, lina mkono mmoja.

~~Nitarudi mchana.~~ Msiningoje, kaka amesema nilale huko. Nilipompigia, kitu cha kwanza aliuliza, "Tumbo linaendeleaje?" Mimi sijamwambia kwamba naumwa. Kumbe wewe na shemeji yako mmekuwa mkizungumza siku zote hizi. Nikirudi utanieleza vizuri.

Ila asante.

Baba Watoto