Nilimwambia Asisubiri

Jumatatu, 7 Februari

Kompyuta imekufa. Asubuhi ilikuwa nzima, jioni naibonyeza — giza tupu. Miaka mitano nimezungumza na baba kwa kompyuta hiyo kila siku baada ya kazi, yeye kule Korrabin ukingoni mwa mto, mimi hapa Newcastle. Viziwi wawili, kamera mbili. Simu ya sauti kwetu ni kipande cha plastiki tu.

Na imechagua wiki hii! Huko kwao mvua haijakatika, leo siku ya sita. Meseji hazimfai baba. Anasoma neno mojamoja, tena kwa shaka. Mwaka niliozaliwa walimpa karatasi kiwandani, wakamfanyia ishara kwamba ni ya likizo, akatia sahihi. Kumbe ni ya kuacha kazi. Tangu hapo kilichoandikwa hakiamini. Anaamini mikono.

Jumanne, 8 Februari

Simu yangu mpya ina video, ndivyo nilivyouziwa. Haikusemwa kwamba video yake huongea na simu za ukoo wake tu! Kompyuta ya baba kwake ni mgeni asiyejulikana. Malia, mwenzangu pale karakana ya miwani, alihangaika nayo saa nzima ya chakula, akapata programu inayodai kuelewana na zile za kompyuta. Tukaweka neno la siri — na jina la baba likatokea, na alama ya kijani. Nilimkumbatia Malia mpaka miwani yake ikaenda upande.

Furaha fupi. Kamera iko mgongoni mwa simu. Nikimtazama baba, yeye anatazama ukuta wangu. Nikigeuza simu anione, mimi simwoni. Malia akasema kwa vidole vyake, ambavyo bado vinajifunza ishara: simama mbele ya kioo, mjinga wewe. Haya, jioni bafuni kwangu. Kamera inatazama kioo, mimi natazama simu. Nimejaribu kuiegemeza kwenye kikombe cha miswaki, ikatumbukia sinkini. Basi mkono mmoja unashika, mmoja unasema. Baba alicheka, akaniuliza mkono mwingine nimeukopesha nani.

Jumatano, 9 Februari

Wanasema mto utavuka tuta Ijumaa. Nimemwambia baba kwa mkono wangu mmoja: watu wa mashua wakija, nenda nao. Usinisubiri. Picha ilikuwa inarukaruka, lakini ameinua dole gumba. Nimelala kidogo baada ya kazi. Moyo umetulia.

Alhamisi, 10 Februari

Meseji ya Noelene, jirani yake, saa tatu asubuhi. Watu wa uokoaji wamekwenda kwa baba mara mbili, amekataa kutoka. Amewaonyesha kipande cha boksi alichoandika kwa herufi kubwa, kwa jina langu: JANINE KASEMA NISUBIRI.

Nilikaa chini palepale, kati ya mashine.

Ni kichwa. Katika lugha yetu "subiri" na "usisubiri" ni mkono uleule. Tofauti ni kichwa, unakitikisa. Ningekuwa na mikono miwili ningeongeza ishara ya kukataza, hata kipofu angeelewa. Mkono mmoja ulikuwa na simu, kwa hiyo yote nikaiachia shingo. Picha ikaruka, mkono ukafika, kichwa hakikufika. Nimemfunga baba yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nimemwomba Noelene amwandikie: binti yako anasema ondoka. Amejibu kwamba baba amesoma, amekunja, amemrudishia. Tena kwa adabu. Noelene ameondoka na mashua ya saa saba, na kuku wake wawili ndani ya kapu. Simlaumu.

Programu inagoma tangu asubuhi. Alama ya kijani ipo, napiga, inazunguka, inaacha. Malia anasema inataka toleo jipya kwenye kompyuta ya baba. Nani atamwambia? Kisanduku cha maneno kimetokea mbele ya mtu asiyeamini maneno.

Naondoka sasa hivi. Mwajiri nimemwambia, sikusubiri jibu.

Ijumaa, 11 Februari

Barabara imefungwa. Niko nje ya ukumbi wa shule walikohamishiwa watu, kilomita kumi na mbili kutoka kwa baba. Naandika ndani ya gari kwa sababu mikono haitaki kutulia. Mashua imeondoka sasa hivi kwenda kwake, mara ya tatu na ya mwisho. Bosi wa waokoaji aliniandikia wazi: akikataa tena hatumbebi kwa nguvu, tuna nyumba tisa nyingine. Niliomba kwenda nao. Hapana.

Umeme wa Korrabin ulikuwa ukatwe saa kumi. Saa tisa na nusu nilipiga kwa mara ya ishirini na kitu, ikashika. Nadhani alibonyeza kile kisanduku kwa hasira tu.

Baba! Amevaa koti la kanisani. Meza ameiinua juu ya matofali, kompyuta juu ya meza. Nyuma yake, mlangoni, maji yanameremeta kwenye ngazi ya juu kabisa.

Hapa hakuna kioo isipokuwa cha gari, nacho kinaonyesha kidevu. Nikawa naigeuza simu: nasema, nageuza, namtazama. Nikamwambia sikusema usubiri, nilisema usisubiri, picha imekula kichwa changu, nisamehe.

Nageuza. Anacheka.

"Kichwa chako nilikiona vizuri, mwanangu. Mimi kiziwi, si kipofu."

"Sasa lile boksi?"

"Wenye masikio wakiambiwa na mzee hapana, wanambembeleza kama mtoto. Wakiambiwa na binti, wanasema sawa, wanaondoka."

Nilitaka kupasuka. Siku mbili nimejitafuna bure! Nikamuuliza anataka nini, afe?

"Mafuriko yaliyopita walinipeleka huko ukumbini. Siku nne. Watu mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyeniambia neno. Wananipa blanketi, wananipita. Gunia la viazi lilikuwa na wasemaji wengi kuliko mimi, maana liliulizwa liwekwe wapi. Hapa nina wewe kila jioni." Akaipigapiga kompyuta kichwani. "Hii haipandi mashua."

Nikamwambia niko hapa, nje ya ukumbi huohuo. Akakunja uso, akasogea karibu na kamera.

"Mkono mmoja sikuelewi. Mtu akitaka kuniondoa kwangu aseme na mimi kama mtu. Mikono miwili."

Nikaiegemeza simu kwenye waipa, mgongo wake ukinitazama mimi, nikarudi nyuma hatua tatu. Nikasema. Mbele ya watu wote, mvua usoni, nikilisemesha jicho dogo la kamera bila kuona mtu. Nilisema mpaka mabega yakauma. Sijawahi kumwambia baba maneno mengi hivyo kwa mara moja.

Niliposhika simu, picha haikuwepo. Alama ya kijani haikuwepo. Saa kumi kasoro dakika nane. Wamekata mapema.

Na mimi najijua. Nilianza kwa kumgombeza. Nilimwita mbinafsi, nikamwambia ana roho ngumu, nikamtajia marehemu mama, jambo ambalo sikupaswa. Hilo lilichukua muda. Kwamba niko hapa, kwamba sitatoka pembeni yake ukumbini hata kwenda chooni, kwamba kompyuta nitamnunulia nyingine na tutaongea, kwamba namwomba — hayo yalikuja mwishoni.

Sijui umeme ulikatika nikiwa nimefika wapi.