Mama, Ni Kweli Natembeza Watu

Mama yangu mpenzi,

Nimepita! Nalitanguliza hilo hata kabla ya salamu, maana hukuwa na subira na barua ndefu. Mwanao sasa ni mwongozaji wa watalii hapa Kasese, mwenye kitambulisho shingoni, chenye picha na muhuri. Kwenye picha nimetoa macho kama dagaa, lakini sijali.

Unakumbuka siku nilipokuambia naitaka kazi hii? Tulikuwa nyumbani Bwera, unapima chumvi kwa kikombe. Nikasema, "Mama, nitakuwa natembeza watu." Kikombe kikabaki hewani.

"Unatembeza batu? Batu beko samaki?"

Kwako neno hilo lilikuwa na maana moja tu: kubeba bidhaa kichwani na kupita nayo mlango hadi mlango, kama ulivyofanya tangu tulipovuka mpaka kutoka Butembo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe ulidhani nimeingia biashara ya kuuza watu, ukanisalia rozari wiki nzima.

Na kumbe safari zote ninazowapeleka wageni leo nilizifanya kwanza nikiwa nyuma yako. Katwe tulifuata chumvi, Katunguru samaki, na mahindi yakikomaa tunashuka Karusandara. Pale Katunguru, kwenye daraja la mfereji, viboko walikuwa wakipiga miayo chini yetu. Nikisimama kuwatazama, unanivuta mkono: "Ile kiboko iko na franga ya kununua chumvi? Tuende!" Mawingu yakiuachia mlima asubuhi, theluji ikionekana kule juu, wewe uliangalia kama mvua inakuja tu. Sikulaumu. Ulikuwa na watoto wa kulisha.

Sasa sikia habari ya mtihani. Nilikuwa nimeshaanguka mara mbili, na hii ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mkaguzi alikuwa mzee mstaafu wa jeshi, tunamwita afande. Alikaa kiti cha nyuma cha gari na kalamu yake, na mbele yake walimu sita kutoka Mbarara, ndio wageni wangu wa siku hiyo. Kabla hatujaondoka nilimsikia akimwambia dereva, "Huyu Mkongomani ataonyesha watu nini?" Nilijifanya sijasikia, lakini liliniuma.

Kwenye mstari wa ikweta mambo yalikwenda vizuri, watu wakapiga picha mguu mmoja huku, mmoja kule. Tukafika Katwe. Nikasimama mbele ya ziwa, nikafungua kinywa, na yote niliyokariri miezi mitatu yakapotea. Yote, mama! Jasho likanitoka hadi kwenye magoti.

"Wewe! Ongea! Wageni iko nangoja!" afande akanifokea.

Ndipo nikafanya ulivyokuwa ukifanya sokoni. Wewe hukuisifu chumvi hata siku moja. Ulimshika mnunuzi kiganja, ukamwekea punje chache, ukanyamaza. Nikashuka hadi kwa mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye kidimbwi chake cha chumvi, maji yamemfika kiunoni, nikamsalimia kwa Kinande. Akaitika kwa Lhukonzo, lugha ndugu na yetu, tukaelewana, akanipa bonge moja. Nikalivunja, nikamgawia kila mgeni.

"Onjeni kwanza," nikasema, nikafunga mdomo.

Walimu wakakunja nyuso, wakacheka, kisha maswali yakamwagika. Kidimbwi ni cha nani? Mvua ikinyesha inakuwaje? Maji haya hayaunguzi ngozi? Nikajibu moja baada ya jingine, kwa sauti ya sokoni kabisa. Niliwaambia kidimbwi hurithiwa kama shamba, na kwamba mvua ikizidi chumvi hugoma. Niliwaonyesha hata kovu la mguuni pangu, la siku ile niliyoteleza kidimbwini ukanipiga kwanza, ndipo ukaniosha. Nikaona mkono mwingine umenyooshwa nyuma yao. Ulikuwa wa afande. Akalamba, akaguna, akaandika.

"Umepita. Lakini wacha kupiga kelele kama mtu ya soko."

"Afande, mimi ni mtu ya soko," nikamjibu.

Walimu walipiga makofi. Nilifurahi mno, mama, na papo hapo nikakukasirikia kwa kufa mapema. Nilipofika Katunguru nililia kidogo darajani, nikanawa uso, nikaendelea na kazi.

Jumamosi iliyopita nilimchukua mama mdogo, mdogo wako huyu ambaye bado anauza samaki Bwera. Nikampandisha boti ya wageni kule Katunguru. Alikataa kukaa. Kila mara aliinua mkono kushika kichwa, halafu anaushusha, kwa kuwa hakuwa amebeba kitu. Tembo walikuwa ukingoni wakinywa maji. Akawatazama weee, mpaka boti ikageuka, na hakuna aliyemharakisha. Tulipokaribia gati aliwaona wenzake wa samaki wamejipanga wakisubiri mzigo. Akasimama wima katikati ya boti, akapaza sauti mfereji mzima ukasikia:

"Muniangalie! Leo miye niko mutalii!"

Pumzika sasa, mama.

Ni mimi, kifungua mimba wako, mtembeza watu.