Curtis Alitaka Kufika Houston kwa Farasi

Ijumaa, 21 Februari

Nimetoka zamu asubuhi, nimefua sare, nimepika maharage ya kuwatosha Elia na Neema mpaka nirudi. Neema kaniuliza, "Mom, like, real horses?" Farasi wa kweli, mwanangu. Elia anaona nimechanganyikiwa. Anasema Singida tulikimbia mikokoteni ya punda, sasa mke wake anaomba likizo ili apande mkokoteni Texas.

Lakini Loretta ameniomba kila mwaka. Nilipofika Houston sijui hili wala lile, yeye ndiye aliyenipa chumba kwake na kunifundisha ku-drive. Tulifanya kazi wodi moja mpaka alipostaafu, nami nikahamia huku Mansfield. Kila mwaka, kabla rodeo, yale mashindano makubwa ya farasi na ng'ombe, haijaanza, yeye, mumewe Curtis na wenzao hutoka mashambani kwa farasi wakaingia Houston, mwendo wa karibu wiki. Wote Wamarekani Weusi, kama walivyofanya baba zao. Safari hii wamekosa nesi. Nimekubali. Naondoka mchana huu.

Jumamosi, 22 Februari

Baridi kali. Farasi ni wengi kuliko nilivyodhani.

Curtis ndiye kiongozi. Miaka sabini na kitu, mrefu, shati limenyooshwa kama la kwenda kanisani. Farasi wake mweusi anaitwa Deacon, yaani Shemasi. Anasema ni kwa sababu anatembea pole pole na anapenda kutazamwa. Loretta hapandi tena tangu apasuliwe nyonga. Anaendesha gari la turubai linalokokotwa na farasi wawili, mimi nimekaa ubavuni kwake na mkoba wangu wa dawa. Polisi mbele, polisi nyuma. Watu wametoka majumbani kutupungia mikono.

Miaka yote hii Texas, sikujua kwamba Weusi wana farasi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Jumapili, 23 Februari

Mgongo unauma. Makalio zaidi.

Ibada uwanjani. Wanaume wamevua kofia. Katikati ya sala farasi mmoja akakojoa kwa muda mrefu sana. Hakuna aliyecheka ila mimi.

Mchana mchuzi wa bamia na soseji juu ya wali. Nimekula kama niko nyumbani. Mtu akapiga kinanda cha kodiani, Curtis akamshika Loretta mkono wakacheza taratibu, kwa ajili ya nyonga yake. Nimefurahi kuja.

Jumatatu, 24 Februari

Kazi ndogo ndogo. Malengelenge, kidole kilichobanwa na lango, bibi mmoja aliyesahau vidonge vyake.

Tulipopumzika nilimwona Curtis ameshika taya. Jasho usoni, na hali kuna upepo wa baridi. Nikamwomba ashuke nimpime presha. Akasema ni jino, amelizoea. Nikamwambia jino halitoi jasho. Akanigusia ukingo wa kofia yake akaenda. Nikamtazama Loretta. Akawa anashughulika na hatamu.

Sikupenda.

Jumanne, 25 Februari

Curtis amekufa.

Tulikuwa pembeni ya barabara kuu, tumekaribia mji wa Katy. Aliinua mkono kama anavyofanya tukitakiwa kusimama. Tukasimama wote. Akajaribu kushuka, buti likanasa kwenye kikuku cha tandiko, akaanguka kifudifudi kwenye nyasi. Deacon hakusogea hata hatua.

Nilikimbia. Hakuwa na mapigo. Nimemkandamiza kifua, kijana wa polisi akanipokea, nikarudi tena. Mashine ya kushtua moyo ilikuwa kwenye gari la polisi, tukaitumia mara mbili. Malori yalikuwa yanapita. Kuna mtu alipunga mkono dirishani, akidhani ni sehemu ya sherehe. Ambulansi ikaja, Loretta akapanda naye.

Jioni wakapiga simu kutoka hospitali.

Nimefanya kazi wodi ya moyo miaka mingi. Nimeona wengi wakiondoka. Lakini huko kuna pazia, kuna kitanda, kuna mwenzako wa kukuambia nenda kanywe maji. Leo nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, na farasi wote walikuwa wananitazama.

Inatosha.

Jumatano, 26 Februari

Hawaachi. Msafara unaendelea.

Nilipoamka nilidhani nitakuta wanavunja kambi. Nikakuta wanatandika farasi. Nimemuuliza mwanamume anayewasha moto, akanijibu, "Kesho kutwa tunaingia mjini, ma'am," kama namuuliza ratiba ya basi. Kwetu mtu akifa kila kitu kinasimama. Watu wanatandika mikeka, wanakaa chini, wanapika, wanalia. Hata adui anakuja kukaa. Hapa wanapiga farasi brashi. Nilitamani kuwapigia kelele.

Kisha Loretta akarudi. Nilidhani amekuja kuchukua vitu vyake. Amekuja kuendesha gari lake.

Sikuwa nimemuuliza kitu. Mwenyewe akaniambia. Curtis alikuwa apasuliwe moyo mwezi uliopita. Daktari alipanga, yeye akaomba iwe baada ya msafara. Aliambiwa anaweza asifike. Loretta alikuwa amekaa naye chumba kimoja wakati anaambiwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemshusha."

"Ndiyo, ningemshusha."

"Basi ndiyo sababu."

Nesi, huyu. Nesi kama mimi. Alinileta huku na mkoba wa plasta na panadol nimtunze mtu ambaye moyo wake ulihitaji chumba cha upasuaji. Nimeshuka kwenye gari lake. Nimepanda la wengine, nyuma kabisa. Nimelia kwa hasira, si kwa msiba.

Alhamisi, 27 Februari

Elia kapiga asubuhi. "Mama Neema, rudi nyumbani. Hao wana utaratibu wao." Nimemwambia nitarudi leo. Nimefunga begi. Mtu mmoja akaahidi kunipeleka nilikoacha gari langu.

Nilikuwa namsubiri nikamwona Loretta amesimama karibu na Deacon. Tangu Jumanne farasi huyo alikuwa anafungwa nyuma ya lori la mizigo ya msafara, bila tandiko. Leo katandikwa, na ngazi fupi imewekwa ubavuni kwake. Loretta kavaa suruali ya jinzi na koti la Curtis, mikono imekunjwa mara mbili. Akaniita.

"Nishikie hiyo ngazi."

Nikamwambia nyonga yake haitafika jioni. Akasema anajua. Nikamwambia akianguka hataamka. Akasema anajua hilo pia. Watu wote walikuwa wameacha walichokuwa wanafanya. Hakuna aliyemzuia. Sielewi watu hawa.

Nimeshika ngazi.

Alipopitisha mguu alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Kisha akawa juu. Akaketi, amefumba macho. Deacon akageuza kichwa akanusa buti lake, akaanza kutembea mwenyewe kwenda mbele ya msafara, mahali pake pa siku zote.

Begi langu nimelirudisha. Nimetembea kando ya farasi huyo, mkono mmoja kwenye tandiko, mpaka tulipopumzika.

Ijumaa, 28 Februari

Tumeingia Houston.

Watu pande zote mbili za barabara. Watoto wa shule wamevaa kofia pana na buti, walimu vilevile. Misafara mingine nayo inaingia kutoka pande nyingine. Sijawahi kuona jiji linasimama kwa ajili ya farasi. Habari ya Curtis ilikuwa imetutangulia. Tulipopita, wanaume wazee walivua kofia.

Loretta hakulia wala hakupunga mkono. Uso umekuwa wa kijivu kwa maumivu. Nilikuwa nahesabu pumzi zake kama yuko wodini. Tulipofika kwenye bustani ambako misafara yote inakutana, hakuweza kushuka. Wanaume wanne walimteremsha kama mtoto.

Akauliza, "Tumefika?"

Nikamwambia tumefika.

Bado naona lilikuwa jambo la kijinga, lake na la Curtis. Mtu angekuwa hai. Naliandika hapa kwa sababu pale sikuweza kulisema.

Jumapili, 2 Machi

Mansfield. Sikwenda kanisani. Nimelala, nimeamka, nimelala. Elia kapika ugali, haukuiva vizuri, nimeula wote. Neema ananizungukazunguka, anataka nimweleze. Bado.

Mazishi ni Jumamosi. Elia amesema tutakwenda wote, bila mimi kumwomba.

Saa kumi Loretta kapiga. Anatembelea fimbo. Daktari wa nyonga amemfokea. Kisha nikasikia mlango wa banda la farasi, na upepo. Nikakumbuka kwamba tangu Jumanne nimemkasirikia, nimemnunia, nimemshikia ngazi, nimetembea naye, lakini neno ambalo kwetu hata mpita njia analisema, sijalisema.

Nikamwambia pole, kwa Kiswahili.

Hakuuliza maana yake. Akasema anaingia kumpa Deacon maji. Hakukata simu, wala mimi sikukata.