Tembe Nilizokugawia

Landless, Thika
Jumatano

Mdogo wangu Nekesa,

Kabla hatujasalimiana: kama hujameza tembe ya leo, usiimeze. Kama umeshaimeza, iwe ndiyo ya mwisho. Sasa tusalimiane.

Hamjambo nyote hapo? Shemeji anaendeleaje, na Mama na goti lake? Yule kitinda mimba wako bado anagombana na uji? Mimi naishi. Kiwanda cha nguo bado kinatuita kwa king'ora na miguu yangu bado inavimba, lakini leo si mwili unaoniuma.

Jana nilikuwa Ruiru, kwa daktari anayenitibu tezi ya shingo. Ilikuwa siku ya kusomewa majibu ya damu. Alifungua faili, akaitazama mpaka nikaanza kujikuna.

"Mama, hii dawa unakunywa kweli ama unaiweka tu kwa kabati?"

"Nakunywa, daktari. Kila siku."

"Unakunywa aje?"

"Na chai, kabla niende shifti. Naunganisha na zile tembe za kuongeza damu walinipea kliniki."

"Chai ya maziwa?"

"Sasa kuna chai gani ingine?"

Alicheka, nami nikacheka. Akanieleza kwamba dawa hii humezwa kwa maji matupu tumbo likiwa tupu, halafu mtu asubiri karibu saa nzima ndipo anywe chai. Zile za kuongeza damu zikae mbali nayo, kwa muda wa saa nne hivi, kwa sababu zikikutana tumboni zinaishika isiingie mwilini. Nikasema nimesikia. Kisha akauliza nameza ngapi. Nikamjibu nusu, na hapo kicheko kikakatika.

"Nusu? Mimi niliandika moja."

"Nusu ingine namtumia dada yangu nyumbani. Yeye pia ana hii shida ya shingo."

Nekesa, nililisema neno hilo kwa majivuno. Nilidhani atanisifu.

Aliniuliza ni nani aliyesema ugonjwa wako ni sawa na wangu. Nikatoa kwenye mkoba karatasi yako ya majibu, ile uliyonitumia kwa sababu daktari wa huko alikuwa likizo ukaambiwa urudi mwezi mwingine. Uliandika, "Dada, wewe ndiye unajua mambo ya hospitali, nisomee." Nami nikakusomea! Kumbe nilikuwa najua kitu kimoja tu, tena kwa kuambiwa kwa mdomo: kwamba tezi yangu iko chini. Karatasi yangu mwenyewe sikuwahi hata kuomba kuiona. Nilipoona kwenye yako ile namba ya TSH, kile kipimo cha tezi, iko chini, nikasema basi, ugonjwa ni mmoja. Nikaanza kukata tembe zangu kwa kisu cha mboga, nusu yangu, nusu yako, nikizifunga kwenye gazeti na kukuletea kwa mkono wa kila mtu wa kwetu anayesafiri.

Daktari aliisoma karatasi yako mara mbili. Akasema polepole:

"Hii TSH haitoki kwa shingo, inatoka kwa kichwa. Ni kama msimamizi wenu pale kazini. Mfanyakazi akilala, msimamizi anapiga kelele, namba inapanda. Mfanyakazi akizidisha kazi, msimamizi ananyamaza, namba inashuka. Wako anapiga kelele. Wa dada yako amenyamaza kabisa."

"Yaani yeye ako na nguvu ya tezi mingi?"

"Mingi sana. Na wewe umekuwa ukimwongezea."

Sikumbuki nilitokaje mle ndani. Nilichokumbuka ni barua zako. Uliniambia moyo unadunda kama mtu aliyetoka kukimbia. Uliniambia mikono inatetemeka mpaka unamwaga maziwa, nguo zinakulegea, unatoka jasho wenzako wakiwa na sweta. Nami nikakujibu, "Hiyo ni dawa inafanya kazi, vumilia." Nilijifanya daktari wa ukoo, na ukweli ni kwamba nilipenda. Huku mimi ni namba tu kwenye kadi ya kazi. Huko nyumbani watu wakisema "Nafula amesema," nilijiona mtu. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilifika hapa nikamwangukia Mama Njoki, jirani yangu wa mlango wa pili. Akanishika mabega. "Ngai! Nafula, wacha kulia kwanza. Enda upige simu!" Nikakimbia kwenye kibanda cha simu, nikapiga pale dukani sokoni kwenu, mwenye duka akaahidi kukufikishia habari. Leo asubuhi nikapiga tena.

"Amekataa," akaniambia. "Anasema dada yake alimwandikia asisikize mtu mwingine, hata mama mkwe."

Ni kweli niliandika hivyo. Mama mkwe wako alikuona unatetemeka, akakuambia uziache hizo tembe, nami nikakuandikia kwamba huo ni wivu wa wazee. Ndiyo maana naandika kwa mkono wangu, maana mwandiko huu unaujua. Simiyu wa kwetu, tunayefanya naye kazi, anakuja kumzika mjomba wake. Nimemwapisha asikae chini kabla hujaishika barua hii.

Nenda hospitali ukishamaliza kusoma. Usingoje mwezi mwingine. Ikiwa moyo unakimbia au pumzi inakata, shemeji akupakie kwenye baiskeli saa hiyo hiyo. Karatasi yako nimeirudisha humu ndani, wape, na barua hii pia wasome. Waambie tembe zilitoka kwangu na umezinywa kwa muda gani. Usiwafiche jina langu kwa kunionea haya. Daktari anasema ipo dawa ya kuituliza tezi kama yako, lakini lazima wao wakupime kwanza.

Nisamehe, Nekesa. Nilikuwa napita mlangoni kwa daktari kila mara na karatasi yako mkobani, na sikumuuliza hata swali moja.

Mama msalimie, lakini usimsomee yote, mwambie tu naja Krismasi. Shemeji mwambie namshukuru kwa subira yake. Mama mkwe wako msalimie kwa mikono miwili, umwambie yeye ndiye aliyeona sawa, na kwamba mimi, kwa kinywa changu, nimekubali.

Ni mimi dada yako mwenye majuto,
Nafula

Nimesahau jambo. Tembe zilizobaki usimgawie mtu. Najua jirani yenu ana shingo kama zetu, na najua atakuja kuomba, na najua huwezi kumnyima. Zitupe chooni kabla hajafika.