Ijumaa Niliyosema Niko Kazini

Muscat, Jumapili asubuhi

Mke wangu Mama Zuhura,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Mimi ni mzima, ila mgongo wangu ule ule unaoujua, na joto la huku limeanza mapema. Nyinyi je? Kifua cha Mama kimetulia, au bado anakohoa alfajiri? Na wewe umepumzika kidogo tangu shughuli ya mtoto iishe, au ndiyo umeunganisha moja kwa moja na vikao vya harusi ya mdogo wako?

Utashangaa kupata karatasi wakati tunaongea kila siku kwa simu. Lakini simu ya nyumbani kwetu unaijua. Ukipokea tu, Mama anasogea, Shabani anataka kunionyesha pengo la jino lake, na jirani akiwepo naye anaitikia salamu ambayo sijamtumia. Haya ninayotaka kukwambia nataka uyasome peke yako. Barua nampa Dada Mwajuma, yule wa Zinga anayefanya kazi nyumba ya jirani na ghala letu, maana anakwenda likizo. Sijamwambia ndani kuna nini.

Mama Zuhura, ile Ijumaa ya khitma ya Zuhura, alipohitimu juzuu ya Amma, sikuwa kazini. Hakuna kontena lililoingia. Ghala lilikuwa limefungwa kama Ijumaa zote, na zile Ijumaa nyingine nilizokwambia nina ovataimu, lilikuwa limefungwa vile vile.

Nilikuwa natengeneza vigari.

Naanza tangu mwanzo ili unielewe. Hapa ghalani kuna Mfilipino mmoja, anaitwa Rommel, mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Siku moja mwezi wa Shaabani nilimkuta wakati wa chakula amekaa na kibano na kiwembe, anakwangua kipande cha plastiki kisichozidi punje ya mchele. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni kioo cha pembeni cha lori. Akanionyesha picha kwenye simu yake: malori, matrekta, hata treni, vyote vya kukaa kiganjani, vimepakwa rangi mpaka kutu na matope. Nikamwambia hata mimi zamani nilikuwa nafanya hayo, kwa mbao laini na ndala zilizokatika. Hakucheka. Akasema, "Basi njoo Ijumaa."

Wewe unakumbuka vigari vyangu vya Msata. Nilipokuwa fundi pancha pale njia panda, ulikuwa unakuja kutoka Lugoba kumsaidia shangazi yako mgahawani, na ukiniletea chai ulikuwa unasimama kuangalia nimefikia wapi. Wewe ndiye uliyeniambia lori lile la mbao halina vizuia tope, nikaenda kukata mpira nikavitia. Tulipooana tukahamia Bagamoyo nikaja navyo kwenye kiroba. Kisha siku moja baba mdogo akanikuta barazani nimeshika brashi, akasema mbele ya watu, "Mwanamume ana mke ndani, anacheza vigari." Wewe ulimjibu kwa adabu kabisa, nilikusikia kutoka mlangoni: "Mwache ba'mdogo, angalau hashindi kijiweni." Lakini mimi aibu ilishanishika. Kesho yake nilivigawa vyote kwa watoto wa mtaa, na kwa miaka kumi na moja sikushika tena.

Kwa hiyo nilipoanza kwenda kwa Rommel, nilikuficha. Mara ya kwanza uliniuliza mbona sipatikani, nikasema ovataimu. Neno lilitoka lenyewe kabla sijafikiri. Ijumaa iliyofuata likawa jepesi zaidi. Kitu kinachonichoma ni kwamba katika ukoo mzima, mtu pekee aliyewahi kunitetea kwa ajili ya vigari ni wewe, na wewe ndiye niliyekudanganya. Nilimwogopa baba mdogo, ambaye hanipigii hata simu, nikakudanganya wewe.

Tunakutana watu watano kwenye chumba kilicho juu ya duka la fundi cherehani, baada ya swala ya Ijumaa. Vifaa vingi ninavyotumia ni masalio ya Rommel, brashi zilizochakaa na rangi zilizobaki chini ya vikopo. Mwanzoni mkono ulikuwa umesahau. Nilikuwa napaka rangi nzito, inaganda kama uji, mpaka wakanifundisha kuiongeza maji na kupitisha mara nne, tano, kila mara ikikauka kwanza. Baadaye mkono ukakumbuka. Nilitengeneza lori la tani kumi kama yale yaliyokuwa yakisimama Msata kubadilisha tairi, na turubai lake, na madumu nyuma ya kichwa. Sikufichi: nikikaa pale, saa tatu zinapita bila kuwaza chochote, wala kichwa hakiniumi. Tangu nije huku sikuwahi kupata kitu kama hicho.

Kando ya lori nikataka kuweka mtu. Kwenye sanduku la Rommel walikuwemo askari wa plastiki tu, wadogo, hawafiki kidole gumba. Nikachukua mmoja aliyekaa, nikamkata bunduki na kofia, nikamfinyangia kanga kwa udongo wa kuzibia nyufa, na mbele yake nikamwekea birika la chai. Hukosi kujua alikuwa ni nani.

Ijumaa ya khitma nilikuwa nimekwambia mwenyewe: saa kumi kwenu, saa kumi na moja kwangu, nitakuwa na simu mkononi, Zuhura aanze nikisikia. Niliwaza nitakwenda kwa Rommel saa moja tu kisha nitoke. Nikafika, nikatia simu kwenye mkoba nikaizima sauti, kwa sababu rangi inaruka na vidole vinakuwa na gundi. Nikaanza kuchora pindo la ile kanga. Pindo lile ni jembamba kama uzi, unalichora kwa brashi ya nywele tatu huku umezuia pumzi. Nikimaliza upande mmoja nasema niutazame wa pili. Adhana ya Magharibi ndiyo iliyonigutusha. Nilipofungua mkoba nikakuta umenipigia mara kumi na nne.

Kwa hiyo wewe ulikuwa unanipigia, na mimi nilikuwa nimekaa nakuchora.

Nilipokupigia ulisema, "Tulikusubiri. Alikataa kuanza mpaka Maalim aliposema muda unakwenda." Nikakwambia kontena limeingia ghafla, simu nikaiacha kabatini. Ungenigombeza ingekuwa afadhali. Ulisema, "Pole Baba Zuhura, nilijua tu ni kazi."

Halafu ukanitumia ile sauti uliyorekodi, ili nisikie nilichokikosa. Nilimsikia Zuhura akisoma Amma mpaka mwisho, hakukwama ila mara moja, akarudi mwenyewe akaweka sawa. Kisha Maalim akaomba dua. Akasema Mola amfanyie wepesi baba wa mtoto huyu, ambaye hata siku ya Ijumaa yuko kwenye kazi nzito kwa ajili ya wanawe, ampe nguvu na amwondolee uchovu. Watu wote wakaitikia amin. Na wote walipomaliza ikaja amin ya Mama peke yake, nyuma, kwa sauti yake ile iliyokauka kwa kikohozi. Niliisikiliza mara moja tu. Sijaweza kuifungua tena. Nyumba nzima mlimwomba Mungu aniondolee uchovu wa kazi ambayo haikuwepo.

Baada ya hapo sikwenda kwa Rommel Ijumaa tatu. Wiki ya nne, siku ya kazi, akanifuata ghalani wakati wa chakula, akauliza kama naumwa. Nikamweleza yote. Akatafuna wali wake kwa muda, kisha akasema, "Mimi mke wangu kila Ijumaa ananiuliza nimepaka nini. Nikikosea rangi ananiambia. Wako hata hajui kama unapaka?" Nikamwambia hajui. Akaosha chombo chake akaondoka.

Alhamisi iliyopita nilipiga simu ukiwa umekwenda sokoni. Mama akampa Zuhura. Nilikuwa nimeshajiandaa, nikaona nianze na yeye, maana yeye ndiye niliyemkosea zaidi. Nikamwambia nataka kumwomba radhi, ile siku yake sikuwa kazini.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo hukuwa na kazi?"

"Sikuwa nayo, mwanangu."

"Na hukuwa umechoka?"

"Hapana."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napaka rangi kigari."

"Cha nani?"

Nikamwambia, "Changu."

Nikamuuliza kama anaweza kunisomea wakati ule, nisikie mwenyewe. Akasema, "Nimeshasoma, baba." Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba duka limefungwa. Kisha akauliza, "Mama anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi sitamwambia."

Nikaona mtoto wa miaka tisa ananisitiri, tena bila kuombwa. Nilimwambia asifanye hivyo, nitakwambia mwenyewe, lakini Shabani alishamnyang'anya simu. Tangu siku hiyo nikikupigia nauliza Zuhura yuko wapi, unasema yupo hapa lakini hataki kuongea, labda ana usingizi. Hana usingizi, Mama Zuhura. Anaogopa neno lisimponyoke mbele yako.

Ndiyo maana nimekaa kuandika. Sikuombi unisamehe leo; kasirika kadiri unavyotaka, ni haki yako. Na nikisema nimeacha vigari kabisa nitakuwa nimekudanganya mara ya pili, kwa sababu Ijumaa hii nimerudi kwa Rommel. Tofauti ni kwamba safari hii simu ilikuwa juu ya meza mbele yangu, na ulipopiga nilipokea, ila kwa watu wote wale waliokuzunguka sikuthubutu kukwambia nilipo. Ukiona Ijumaa ni nyingi mno, sema ziwe ngapi. Ukisema niache, nitaacha, na nitasikitika, na hilo pia nitakwambia. Yule mama mwenye birika bado hana uso. Nimejaribu mara mbili nikafuta.

Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie anywe ile dawa hata kama ni chungu. Nitamweleza mwenyewe kwa mdomo wangu, usinibebee na huo mzigo. Baba mkwe na mama mkwe kule Lugoba nawaamkia kwa heshima zote. Msalimie mdogo wako bibi harusi, na shangazi yako wa Msata, na Maalim umwambie namshukuru kwa kumfundisha mtoto wangu. Baba mdogo naye msalimie, na akiuliza nafanya nini huku siku za Ijumaa, mwambie ukweli. Shabani mbusu palipo na pengo.

Ukimaliza kusoma, kabla hujaikunja barua hii, tafadhali mwite Zuhura umwambie kwamba umeshajua. Usimuulize kwa nini alinyamaza. Mwambie tu baba amesema mwenyewe, sasa aende akacheze.

Mumeo anayekukosea na kukupenda,
Athumani