Basi la Newry Kwenda Dundalk

Berea, Johannesburg
9 Machi 2025

Mdogo wangu Mayasa,

Hujambo? Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Huko bohari la Midrand tunapakua mizigo tangu alfajiri, na nimefunga. Barua yako nimeisoma. Dada yetu Fauzia anaumwa huko Dundalk, nawe uko Newry, Ireland Kaskazini, nusu saa kwa basi, barabara haina geti. Lakini viza yako ya kazi ni ya upande wa Uingereza, na Dundalk ni Jamhuri ya Ireland. Tangu Waingereza watoke Umoja wa Ulaya, mpaka huo nausikia hata kwenye taarifa ya habari. Mimi nilivuka mto Limpopo kuingia huku Afrika Kusini bila karatasi. Mwaka wa kumi na moja huu, nikiona polisi kwenye taa za barabarani, robot wanavyoziita huku, nageuza njia. Usivuke. Omba viza kwanza.

Kaka yako,
Karimu

Newry
3 Aprili

Kaka Karimu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Viza nimeomba. Bibi Carmel, mzee ninayemwogesha hapa nyumba ya wazee, ananicheka. Ujanani alikuwa akivuka hapo na siagi ya magendo chini ya koti, askari wamesimama. Leo askari hakuna, mimi naogopa nini? Anasema watu wa huku wengi walikataa kutoka Ulaya, wakatolewa tu. Anasubiri kura ya kuiunganisha Ireland. "Ikipita, Mayasa, nitakupeleka mimi mwenyewe kwa dada yako, na kiti changu hiki cha magurudumu." Dada anataka uji wa pilipili manga, niupike mimi. Nisubiri?

Mdogo wako,
Mayasa

Berea
6 Aprili

Marahaba. Subiri.

Kaka yako

Newry
29 Mei

Kaka,

Dada Fauzia alifariki Alhamisi iliyopita. Ameoshwa na akina mama wa msikitini wasiomjua. Mimi ninayewaosha mama za watu kila siku, yeye sikumwosha.

Viza ilitoka Jumanne. Jana nimekwenda kaburini. Basi halikusimama, wala hakuna aliyeniuliza kitu. Nilijua tumeshavuka kwa vile vibao vya mwendo vilianza kuandikwa kilomita badala ya maili.

Mayasa

Berea
15 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu tangu msiba, hujajibu. Sikulaumu. Geti nililokukataza liko huku kwangu, Beitbridge, mpakani nilikovukia. Nilikuwekea geti hilo mahali ambapo halipo.

Ukienda tena kaburini, mwambie Dada aliyekuzuia ni mimi. Nami usiniandikie neno kama huwezi. Piga picha kile kibao cha kilomita, unitumie. Nitajua umevuka.

Kaka yako bado,
Karimu