Taa Zilizozimika Mbele ya Kaburi Lako

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini nikianza na neno jingine utasema nimeshakuwa mtu wa mjini. Hapa nyumbani tuko wazima. Migomba ya upande wa juu imezaa vizuri, ng'ombe yule mwekundu amezaa dume, na Mama sasa anamaliza bakuli lake la mtori badala ya kulikorogakoroga na kuliacha. Hilo la Mama ni la juzijuzi tu, nalo limetokana na taa za pikapu yako. Ndiyo maana nakuandikia.

Zilianza kuzimika baada ya mazishi. Si kila siku. Asubuhi nashuka na maziwa ya majirani hadi mjini, zinawaka. Jioni napanda mlima kwenye ukungu, napita kanisani, bado zinawaka. Nikifika kwetu, nikikata kona kuvuka mfereji, taa kubwa zote mbili zinazima kwa pamoja, palepale kaburi lako linapoanza kuonekana. Nikiingia uani zinarudi zenyewe. Zinaweza kukaa siku kadhaa bila kuzima, hadi nasahau, halafu zinazima tena, na kila mara ni hapo kwako.

Watu wa huku unawajua. Mama alishuhudia mara ya pili tu, akakataa kupanda gari. Akawa anakwenda kanisani kwa miguu na goti lake lile, na uani anazunguka mbali ili asipite karibu na pikapu. Mdogo wako, Baba Mdogo Anaeli, akasema kuna neno hukuridhika nalo, na unalisema kupitia gari. Akataka liuzwe, tena mteja alikwisha kumpata, mkulima wa mpunga kule Chekereni. Wajomba wakaitikia. Ikapangwa Jumapili tukae tukate shauri.

Gari hilo ndilo kazi yangu, Baba. Likienda Chekereni, mimi nabaki na nini? Nilipowauliza nani atashusha maziwa ya watu, wakaniambia maziwa yalikuwa yanashuka kabla sijazaliwa.

Nilikwisha kulipeleka kwa fundi mmoja wa Soweto, hapo mjini. Akabadilisha balbu, nikarudi nyumbani, zikazima. Akabadilisha swichi, nikarudi, zikazima. Mara ya mwisho akalishikilia kutwa nzima, taa zikawaka vizuri tu, akaanza kunitazama kama vile mgonjwa ni mimi. Simlaumu. Kwake hakuna mfereji.

Hapo nikakukumbuka ulivyokuwa unasimama mbele ya gari la mtu, mikono mfukoni, unauliza maswali tu. Imezima moja au zote? Ikiwa moja, anza na balbu yake. Ikiwa zote, tafuta kitu zinachotumia pamoja. Na lile lililokuwa linawachosha wateja wako: "Kwanza likosee mbele yangu." Hukugusa spana kabla ya hapo, hata mwenye gari anune vipi. Mimi na yule fundi tulikuwa tunabadilisha vitu ambavyo hatujaviona vikiharibika.

Lakini nikuambie ukweli. Sikuwa na haraka ya kulitafuta kosa lenyewe. Taa zikizima pale, nilikuwa nasema "shikamoo Baba" gizani, na moyo wangu unatulia. Nilikuwa nimekukosa sana. Niliogopa kwamba nikikuta ni waya tu, basi nitakuwa nimekuzika tena.

Jumamosi, wajomba wakitarajiwa kesho yake, nikaona sina pa kukimbilia. Nikaliegesha pale kwenye mfereji, gurudumu la mbele la kushoto limezama kwenye shimo la pale kama ninapokata kona, nikawasha taa zikamulika marumaru ya kaburi lako. Ukungu ulikuwa umeshuka, kwa hiyo mwanga ulionekana vizuri hata mchana. Nilihitaji mtu wa kunitazamia taa huku nimeinama ndani ya boneti, na aliyekuwepo ni Mama peke yake. Alikataa. Baadaye akatoka na kigoda chake, akaketi kando ya kaburi. Nadhani alitaka awe upande wako, mambo yakiharibika.

Nikaanza na fyuzi, nikaichezesha. Mama akasema, "Zinawaka." Nikashika rilei, kile kiboksi kinachopitisha umeme wa taa. "Zinawaka." Nikatikisa waya za swichi, zinawaka. Nikaingiza mkono nyuma ya taa ya kushoto, nikasukuma fungu la waya lililoko pale.

"Zimezima."

Nikaachia. "Zimewaka." Nikasukuma tena, zikazima tena. Mama akainuka kwenye kigoda, akaja hadi kwenye boneti, akaniambia nimwoneshe. Akaingiza mkono wake mwenyewe akazima taa, akaziwasha, akazizima. Alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nikachukua kipande cha waya, upande mmoja nikaushika kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye waya wa ethi wa taa, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Nikamwambia Mama asukume kwa nguvu zake zote. Hazikuzima. Umeme ulikuwa unafika kwenye taa vizuri, njia ya kurudi ndiyo iliyokuwa inakatika. Nikatoa matope, nikamulika tochi kwenye bolti ya ethi.

Nati haikuwepo. Waya wa ethi ulikuwa umefungwa kwenye bolti kwa kamba ya mgomba.

Mafundo mawili, kama mtu anavyofunga mzigo wa majani ya ng'ombe. Kamba ilikuwa imekauka ikalegea. Gari likiwa sawa, waya unagusa. Likizama upande ule, bodi inajipinda kidogo na waya unaachia. Katika ukoo huu mzima ni nani anafunga kila kitu kwa kamba ya mgomba, kuanzia geti hadi miwani yake ya kusomea?

Mama ndiye aliyekumbuka. Jioni ya kuamkia mazishi umeme ulikatika, kina mama wakawa wanapika gizani, na Anaeli akavuta waya wa taa kutoka kwenye pikapu akawamulikia. Alifungua nati ya ile bolti ili aunge waya wake hapo. Nati lazima ilimwangukia majanini, mchungaji akawa ameshafika, naye akafunga kwa alichokuwa nacho. Kwa hiyo Mama hakukosea sana. Taa ziliugua siku ya msiba.

Akaingia ndani akaleta kopo lako la nati, lile alilokuwa anatishia kulitupa miaka yote. Nilisugua bolti kwa msasa hadi ikang'aa, nikachagua nati, nikakaza.

Jumapili waliponyweshwa pombe ya mbege wakatulia, niliweka ile kamba mezani. Baba Mdogo aliiokota, akaligeuzageuza fundo, akasema, "Hili ni langu." Kisha akauliza yule wa Chekereni amwambieje. Mama akamjibu amwambie gari linampeleka mjane kanisani. Wajomba walicheka, lakini Baba Mdogo alilia. Alisema alitamani uwe ni wewe, hata kama ungekuwa umekasirika. Na mimi ilikuwa hivyo hivyo.

Jana nilimleta Mama kutoka mjini, amekaa kiti cha mbele. Giza lilikuwa limeingia. Tukavuka mfereji, taa hazikuzima. Zilimulika jina lako lote, na mimi nikaumia, Baba. Nilikuwa nimetengeneza vizuri, na nikaumia.

Mama akanigusa mkono. "Zizime kidogo," akasema.

Nikasimamisha gari, nikavuta hendibreki, nikazima taa. Akasema, "Lala salama, Baba Manka." Mimi nikasema shikamoo. Kisha nikawasha tukaingia uani.

Sasa pumzika. Pikapu haiendi popote, na kopo lako halitupwi. Kila jioni nikivuka hapo nitasimama, nitazizima mwenyewe.

Mwanao,
Manka